Majivu ya Kichinjio

Jumatatu, 1 Septemba

Nimepiga simu Nairobi tena. Afisa wa idhini ya matofali yuko mkutanoni. Wiki iliyopita pia alikuwa mkutanoni. Mkutano gani huo usiokwisha? Matofali yangu yamejaa uani, ya simenti na majivu kutoka tanuri la kichinjio. Bila idhini siruhusiwi kujengea hata banda la kuku. Duksi ya Aabe, chuo cha Kurani cha baba yangu, ni turubai tu tangu mafuriko yabomoe kuta. Watoto wanasoma Kurani juani. Nimechoka na neno "subiri".

Jumatano, 10 Septemba

Afisa amekuja. Kijana mpole, viatu vimejaa vumbi. Ametaka kujua kila kinachochomwa tanurini. Nimemwambia ukweli: mifupa ya wanyama waliochinjwa, na kiangazi kikizidi, mizoga ya waliojifia pia. Akasema majivu ni majivu. Nami nikaona hivyohivyo.

Alhamisi, 18 Septemba

Idhini imetoka. Nimelia, kisha nikalala mchana kutwa kama mgonjwa. Sharti moja: asili ya majivu ibandikwe langoni, watu waisome. Nimebandika mwenyewe. Kwa fahari.

Ijumaa, 19 Septemba

Baada ya sala ya Ijumaa wazee wamesimama langoni wakisoma. Hakuna aliyenipongeza.

Jioni Aabe akaniita. Hakupandisha sauti. "Halima, kwetu moto hautakasi kibudu, mnyama aliyejifia bila kuchinjwa. Siwezi kumketisha mtoto na msahafu wake ndani ya najisi."

Nilifundishwa hayo. Naye mwenyewe, kwenye duksi hiyohiyo. Nimepima tofali kwa uzito, nikalipima kwa maji, hili halikunijia kabisa. Nina hasira naye. Na nafsi yangu zaidi.

Jumatatu, 22 Septemba

Nimeomba tuchome mifupa ya waliochinjwa peke yake. Nairobi wanasema malighafi ikibadilika, ombi linaanza upya. Upya! Matofali yaliyopo yatajenga vyoo vya soko la mifugo. Huko hakuna atakayeuliza.

Afisa akauliza kwa simu nani atathibitisha kwamba kibudu hakiingii tanurini. Aabe alikuwa ameketi kando yangu, amesikia yote. Akachukua fimbo yake, akatoka.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mvua imefika. Turubai limechanika katikati. Watoto wamebanana sebuleni kwangu, wanakariri kwa sauti moja, hata siwezi kufikiri.

Mwalimu wao, Aabe, hayupo. Kila siku akishasali alfajiri huenda kichinjioni, huketi kwenye jiwe mbele ya tanuri na kutazama kila mfupa unaoingia. Magoti yale mabovu. Akirudi kuwafundisha ananuka moshi. Jina lake nimeliandika kwenye ombi jipya: shahidi. Nairobi wanasema nisubiri.

Leo nimemfuata na chai na mwavuli. Nikamwambia arudi nyumbani, watu wa tanuri wanamjua sasa, hawatathubutu. Akasema bado kuna punda mmoja nje ya ua, kafa jana, na hajui wanataka kumpeleka wapi.

Chai ameipokea. Mwavuli nimemshikia mimi.