Pikipiki Iliyorudi Nyumanyuma

Choijil mwanangu,

Nani alikwambia babako amekufa? Nasikia kwa watu wa sokoni kwamba umeita malama, watawa wa Kibudha, huko mjini wamsomee sala za maiti, na nyama ukagawa. Mimi mkewe maiti sijaiona. Mtu katoka na baridi ya kwanza kutafuta farasi waliopotea, hakurudi; mkatafuta kidogo mlimani, theluji ikaanguka, mkakunja mikono. Huna haya wewe.

Haya. Umeivuka baridi salama? Mkeo hajambo? Mjukuu wangu ameota meno? Mimi mzima, magoti tu yananisumbua. Mifugo imekonda ila imesimama, na mbuzi wameanza kuzaa. Mwandiko ni wangu, usinicheke. Shule niliiacha mapema, lakini macho ninayo.

Nakuandikia habari ya pikipiki ya babako, ile mliyoikuta imesimama peke yake uwandani. Ukaileta, ukaisukumia kwenye zizi la wanakondoo na petroli yake tumboni, wala hukuimwaga. Mvivu tangu utotoni. Farasi waliobaki hawana nguvu, kwa hiyo nikasema nitaiwasha hiyohiyo nimtafute mume wangu mwenyewe.

Nilipiga kiki mpaka paja likafa ganzi. Nikamwita Jambaa, jirani wa bonde la pili. Akanicheka, eti, "Dada, hii inataka kupikiwa chai kwanza." Nikamwambia afunge mdomo ashike spana. Petroli ilikuwa imelala, oili imejitenga chini, inanuka rangi iliyooza. Tukaimwaga, tukachanganya mpya. Plagi nyeusi tititi, nikaisugua. Jambaa akapuliza tundu la kabureta kwa mdomo, akatema mate, akasema lina ladha ya tope. Nikamuuliza tope la wapi, na zizi zima ni samadi kavu?

Ikawaka. Lakini inakohoa kama mtu aliyekabwa, halafu ghafla inanguruma yenyewe, na hakuna aliyegusa mkono wa mafuta. Jambaa akachomoa ufunguo. Haikuzimika. Ufunguo uko kiganjani mwake na injini inaendelea! Mbwa wakajificha chini ya mkokoteni. Jambaa akasema si kitu, mipira ya ndani imekauka kwa baridi, inavuta hewa pembeni. Anasema si kitu na midomo yake imekuwa myeupe.

Ikajizima yenyewe ilipotaka. Akapanda, akapiga kiki tena, akatia gia ya kwanza. Pikipiki ikaenda nyuma. Si utani, mwanangu. Ilimbeba kinyumenyume, ikazunguka hema letu kinyume cha jua, na wewe unajua hapa hata mlevi hathubutu kuzunguka hivyo. Anapiga kelele, "Dada, nishike! Breki haisikii!" Ilipomaliza kuzunguka ikanyooka kusini, bado inarudi nyuma, na upepo wa mchanga umelifanya jua kuwa la njano kama macho ya mgonjwa.

Nikaikimbilia na magoti yangu haya. Nikaziba kwa kiganja tundu inakovutia hewa. Ilininyonya kama ndama anavyonyonya kidole, ila ndama ana joto. Ndipo ikanyamaza. Jambaa akanieleza kwamba moto wa plagi ukiwahi, injini za namna hii huweza kugeuka nyuma. Sawa, nimeelewa. Mbona basi upande ule?

Nilipotoa mkono, kiganja kilikuwa na nywele nyeupe, zimelowa. Tukafungua chujio. Limeshindiliwa maua ya matete, yale yanayopeperuka. Jambaa akasema ni panya wamejenga. Nikamwambia panya wa zizini hujenga kwa manyoya ya kondoo, na huku kwenye mawe hakuna tete hata moja. Matete yako ziwa la chumvi tu, kusini.

Nyinyi mlitafuta mlimani kwa sababu mliikuta imeelekea mlimani. Mjinga wewe! Babako huiegesha kama anavyomfunga farasi, uso nyumbani, na kutoka ziwani nyumbani ni upande wa mlima. Alikuwa ametoka ziwani, imekabwa na maua, akaiacha penye ardhi ngumu, akarudi kwa miguu kuwafuata farasi kwenye matete. Na barafu ya siku zile ilikuwa changa, haibebi mtu.

Basi amekufa. Sasa nasema mimi.

Mkeo mwambie nimemwekea siagi. Mtoto mnuse utosi kwa niaba yangu. Jambaa anakusalimu, tangu siku ile hajapita karibu na zizi.

Barafu bado inabeba mtu, ila mchana naisikia ikipasuka. Panda gari la kwanza utakalolipata, lete kamba ndefu na sururu. Ukifika usiingie ndani kunywa chai. Nenda moja kwa moja ziwani ukamtoe babako. Mimi utanikuta pale.

Mama yako,
Dolgor