Kitanda cha Dirishani

14 Januari

Mama Pacha mke wangu,

Hamjambo huko? Pacha wazima? Na mama mkwe, goti lake linaendeleaje? Mimi sijambo, ila masikio yananiuma kwa baridi, na kwa fundi wa friji hilo ni aibu kulisema mbele za watu.

Nimefika salama. Nakaa chumba kimoja na wanaume watano, wote wanatafuta kazi, na vitanda vimepangwa kwa vyeo. Mgeni analala kwenye godoro mlangoni, anapigwa upepo na kurukwa na kila anayekwenda chooni. Mmoja akipata kazi na kuhama, waliobaki wanasogea nafasi moja. Kitanda kizuri kuliko vyote, cha dirishani, ni cha yule aliyekaa muda mrefu zaidi bila kazi. Sasa kinalaliwa na mwalimu wa hesabu tunayemwita Mkongwe. Ana mwaka na miezi saba. Jana aliniuliza nimejipangia muda gani. Nikamjibu mwezi mmoja. Walicheka wote, mpaka mmoja akashuka kitandani kwenda kunywa maji.

Waache wacheke. Wao ni walimu na makarani. Mimi nina miaka ishirini na miwili ya kushika friji, na hapa hakuna nyumba isiyo na friji. Kibali changu cha kutafuta kazi kinaisha mwisho wa Mei mwaka kesho, lakini sitahitaji hata robo yake. Tulivyokubaliana ni vilevile: nikipata kazi tu, mnanifuata. Banda lifunge. Wateja waambie nimepanda daraja.

Mumeo,
Baba Pacha


5 Februari

Baba Pacha,

Sisi hatujambo. Pacha wana mafua ya zamu, akipona huyu anaanza yule. Goti la mama linakusalimu. Wewe vaa kofia, masikio hayana ufundi.

Banda sikulifunga. Siku ya tatu baada ya wewe kuondoka, mwenye bucha alikuja na friza lake juu ya mkokoteni, akalishusha mlangoni, akasema ulimwahidi. Nikamwambia umesafiri. Akasema nyama haina habari na safari ya mtu. Basi nikajikuta namwambia, "Liache, nitaliangalia." Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nadhani ni kwa kukusikia wewe, maana ndivyo unavyowaambia watu hata ukiwa hujui kitu.

Linaunguruma kidogo, linafanya "ta!", kisha kimya. Baada ya dakika chache linarudia. Nifanyeje? Niandikie, usinieleze kwa simu. Kwenye simu unafoka na mimi nasahau nusu. Nataka karatasi niiweke mezani niisome mikono ikiwa na grisi.

Na wewe, kazi vipi? Mwezi si ndio huu?

Mkeo,
Mama Pacha


24 Februari

Mke wangu,

Natumaini mafua yamekwisha kwa wote wawili. Mimi nimepona masikio, sasa ni miguu, kwa kuzunguka.

Hiyo "ta!" ni rilei, kiwashio cha kompresa. Pembeni mwa kompresa, lile pipa dogo la nyuma linalounguruma, kuna kidude cheusi, kama kiberiti. Chomoa waya ukutani kwanza. Narudia, UKUTANI KWANZA. Kitoe kidude hicho, kitikise karibu na sikio. Kikilia kama njuga kimekufa, nunua kingine cha namba ileile. Wala usimwonyeshe mwenye bucha jinsi kilivyo kidogo. Mwambie, "Ilikuwa kazi," uvute pumzi, ujifute jasho.

Nimeshakwenda sehemu thelathini na moja. Kila mahali wananiuliza, "Una uzoefu wa hapa?" Nawaambia friji ni friji. Wanasema sawa, lakini una uzoefu wa hapa? Nawauliza nitaupata wapi bila kupewa kazi? Wanasema hilo ni swali zuri sana, halafu wananifungulia mlango wa kutokea. Hapa watu wana adabu, wanakufukuza wakitabasamu.

Mwezi umepita, najua. Nilikosea hesabu kidogo. Weka miezi mitatu.

Mumeo,
Baba Pacha


20 Aprili

Baba Pacha,

Habari za miguu? Huku wote wazima, mama ametupa fimbo yake, ingawa anaitafuta kila asubuhi.

Barua yako ilipofika, mwenye bucha alikuwa amenuna miezi miwili mizima na nyama yake iko kwa shemeji yake. Nilibadilisha rilei kwa dakika tano. Nikakaa ndani saa moja zaidi napiga mabati kwa bisibisi, kisha nikatoka, nikavuta pumzi, nikasema, "Ilikuwa kazi." Alinionea huruma akaniongezea kilo ya nyama.

Tangu hapo wateja hawaishi. Wanawake wananiita moja kwa moja jikoni, wanasema wewe ulikuwa unawaachia matope. Friji inayovuja maji chini nimeimudu: kitundu cha nyuma kimeziba, nazibua kwa maji ya uvuguvugu. Mpira wa mlango naupima kwa karatasi, ikichomoka bure haubani, kama nilivyokuwa nakuona ukifanya. Kilichonishinda ni friji ya muuza juisi. Inaunguruma mchana kutwa na haigandishi hata kijiko. Nimesafisha vumbi lote. Nini tena?

Miezi mitatu nayo imepita, wala sikuulizi. Nimetaja tu.

Mkeo,
Mama Pacha


11 Juni

Mke wangu,

Mwambie mama aikumbatie fimbo yake, asiitupe. Mimi ni mzima, nimekonda kidogo ila inanipendeza.

Ya muuza juisi inavuja gesi. Koroga povu la sabuni, paka kwenye maungio ya mabomba yote. Povu likivimba mahali, hapo ndipo. Ziba, jaza gesi, lakini si kwa pupa.

Sasa na mimi nisikilize. Kuna kampuni hapa yenye magari ya buluu, inatengeneza majokofu ya maduka yote ya mji. Kila wiki nakwenda kuulizia, na karani wa mapokezi ananiambia "leo hakuna" kabla sijafunga mlango. Wiki jana msimamizi mwenyewe alinipa jokofu bovu anijaribu. Niliweka sikio, nikamwambia feni ya ndani imeganda. Dakika nne! Akanipa mkono, akaniita bingwa, kisha akaniomba cheti. Hapa ni sheria: asiye na cheti hashiki gesi, hata koki haigusi. Nikamwambia gesi hii nimeivuta puani miaka ishirini na miwili. Nadhani hilo ndilo lililomtisha kabisa.

Nikauliza cheti chenyewe kinapatikana wapi. Kuna darasa, na ni la bure, ila linapokea wenye kazi na jamaa zao tu. Kazi inataka cheti, cheti kinataka kazi. Cheti! Wewe umewahi kuona karatasi ikigandisha barafu?

Watu watatu wamepata kazi na kuhama. Nimesogea mpaka kitanda cha tatu. Wananipongeza, sijui kwa nini.

Mumeo,
Baba Pacha


3 Septemba

Baba Pacha,

Hatujambo. Naandika haraka, nina friji nne zinanisubiri na mmoja wa pacha ameingia ndani ya moja.

Nina jambo, usikasirike. Kila Jumamosi naenda chuo cha ufundi. Wana mtihani wa cheti kwa watu ambao tayari wako kazini. Siku ya kwanza mwalimu aliuliza nani alinifundisha. Nikasema mume wangu, kwa posta. Darasa likacheka, lakini aliponipa kompresa niifungue waliacha viti wakaja kuangalia.

Kula vizuri. Kukonda hakukupendezi, nakujua.

Mkeo,
Mama Pacha


19 Novemba

Mke wangu,

Salamu kwa wote. Mimi mzima.

Sijakasirika. Soma, ukitaka. Nilichelewa kujibu kwa sababu nilikuwa natafuta maneno ya kusema sijakasirika.

Nimehamia kitanda cha dirishani. Mkongwe amepata kazi ghalani ya kuhesabu maboksi, anasema hesabu ni hesabu. Waliokuwa mbele yangu wote wameondoka, na mlangoni amekuja mgeni, fundi saa. Tulimuuliza amejipangia muda gani, akasema wiki tatu. Nilicheka mpaka nikashuka kunywa maji. Nilipomaliza kunywa sikuwa na kicheko tena.

Juzi friji ya chumba chetu ilikufa. Niliifufua kwa bisibisi na waya wa mwavuli, wakanipigia makofi wote. Nilikaa kitandani nikajiuliza, mtu anaweza kupigiwa makofi na bado asitakiwe popote? Mama Pacha, naogopa. Ikifika Mei sijapata kazi nitarudi mikono mitupu, na banda langu lina fundi mwingine, na fundi huyo ni wewe. Nitarudi kuwa nani?

Usiwaambie pacha.

Mumeo,
Baba Pacha


8 Februari

Mume wangu mpenzi,

U mzima? Masikio, miguu, moyo? Sisi wazima. Kaa chini kwanza ndipo uendelee kusoma.

Cheti nilikipata Desemba. Mwezi uliopita akaja chuoni wakala wa kampuni ya nje, anatafuta mafundi wa majokofu wenye vyeti. Tulijaribiwa wanane, wakachukua watatu. Kutoka siku ya jaribio mpaka barua ya kazi ni siku kumi na moja. Nimezihesabu mara mbili kwa sababu yako. Ni hukohuko ulipo, na kampuni yenyewe ina magari ya buluu.

Mfanyakazi anaruhusiwa kufuatwa na watoto na mume. Kwenye fomu waliuliza mume yuko wapi, nikaandika "ametangulia". Karani wa wakala akasimama akanipa pole, akanisogezea maji. Imebidi nimweleze kwamba uko hai, unatafuta kazi.

Nakala ya barua yangu ya kazi utapewa wewe pale kwenye magari ya buluu, uipeleke ofisi ya vibali. Hutarudi Mei. Tunakuja sisi Mei, mimi na pacha. Uliniuliza ungerudi kuwa nani. Nimekaa na swali hilo tangu Novemba, nalijibu sasa: ungerudi kuwa mume wangu, na ungenikuta nakungoja. Sikutaka kukupita. Nilitaka tu friza la bucha ligande.

Niandikie.

Mkeo,
Mama Pacha


14 Machi

Baba Pacha,

Natumaini ni posta.

Kama si posta, basi umenuna, na ukinuna huwa huli. Kula. Pacha wameshafunga mabegi na wanalala juu yake. Mama anabaki na dada yangu, banda nimemwachia mwenzangu wa chuoni. Kila kitu kiko tayari isipokuwa wewe. Sema "usije", nisije. Lakini useme.

Mkeo,
Mama Pacha


16 Aprili

Mama Pacha mke wangu,

Hamjambo? Mabegi hayajambo? Mimi ni mzima, na ninakula.

Haikuwa posta, nilinuna. Barua ya kwanza niliisoma mpaka siku kumi na moja, nikaikunja. Ya pili ilikaa siku nne chini ya mto bila kufunguliwa, nilijua yaliyomo. Siku ya tano nikazisoma zote mbili mpaka mwisho. Nikatoka nikaenda kwenye magari ya buluu, kusema kweli nikiomba Mungu waniambie kuna makosa. Yule karani wa mapokezi aliponiona alisimama. "Wewe ndiye mume wa fundi?" Akaniletea kiti. Mwaka mzima nakwenda pale na sijawahi kupewa kiti. Nilikaa, mke wangu, nikaumia, uongo wa nini. Kiti chenyewe kilikuwa kizuri.

Akanipa nakala ya barua yako nikaipeleka kwenye vibali. Pale palipoandikwa "anatafuta kazi" wamefuta, wameandika "mume wa mfanyakazi". Nilidhani nitayachukia maneno hayo. Niliyasoma kwenye basi mpaka nikapitiliza kituo.

Kwa hiyo njoo. Njooni wote. Nimepata nyumba ya vyumba viwili, mlango unafungwa kwa kuusukuma na bega lakini unafungwa. Nimewakumbuka mpaka nimeanza kuota mafua ya pacha.

Na kwa kuwa sasa ni jamaa ya mwenye kazi, nimeingia darasa la cheti. Siku ya kwanza nilijitambulisha, nikasema nina miaka ishirini na mitatu kazini. Mwalimu akasema, "Vizuri sana, fungua ukurasa wa kwanza." Mtihani ni tarehe kumi na mbili Mei. Mikono haina wasiwasi. Shida ni karatasi, kila swali linaanza na "kwa nini". Mimi maisha yangu yote nimejua kufanya, "kwa nini" hakuna mteja aliyewahi kuniuliza. Wewe najua umeyasoma haya.

Kwa nini mabomba ya nyuma ya friji yanakuwa ya moto wakati ndani ni baridi? Nimeyashika nusu ya umri wangu na sijui. Kumuuliza mwalimu nimeona haya, watu wananiita bingwa. Nakuuliza wewe. Ukiipata barua hii usijibu kwa posta, itachelewa. Nipigie mchana, nitakuwa nimekaa na kalamu, unieleze polepole.

Mumeo,
Baba Pacha