Mwana wa Watu Niliyemwangusha

Bibi yangu,

Nimerudi, na safari hii sina tiketi ya kuondokea. Nimeacha kucheza. Magoti yote mawili yamegoma; nikipanda ngazi za nyumba yako hapa Al Khoudh nnashika ukuta kama ulivyokuwa ukishika weye. Ungenicheka.

Chumba chako nnalala mie. Soko la matunda limehama kutoka Mawaleh, sasa kufuata ndizi mbichi ni safari nzima. Shangazi anakuja kila Ijumaa kutoka Al Amerat, anapika wali wa nazi, halafu anakaa kwenye kiti chako analia kidogo. Namwacha alie.

Miaka minane nilicheza mpira wa Kimarekani kule ng'ambo, na hukuupenda hata siku moja. Mechi ikiangukia alfajiri ya huku, ulikuwa ukishasali unakaa na tasbihi yako mbele ya televisheni, unanitafuta kati ya majitu yaliyovaa helmeti. Mwanzo ulinionea huruma: "Mbona hawakupi mpira, maskini?" Nikakueleza kuwa mie ni mlinzi, kazi yangu ni kumwangusha aliyeushika. Ukashtuka: "Ala! Unalipwa kwa kuangusha watoto wa wenzio?"

Ukanipa sharti moja tu. Kila nikimwangusha mtu nimpe mkono, nimnyanyue, nimtake radhi hapo hapo. Nikafanya, Bibi. Wenzangu walinicheka mwaka mzima, mwisho wakazoea.

Isipokuwa yule wa jezi namba ishirini na mbili.

Unamkumbuka. Nilimgonga kwa halali, refa hakuona kosa, lakini goti lake lilivunjika, na mie wala sikuangalia chini. Nilikuwa nikirukaruka na wenzangu. Weye uliona. Simu yako ilikuja hata sijavua viatu: "Nenda hospitali. Uso kwa uso, siyo kwa simu." Nikaona haya. Zikapita siku tatu, ukauliza tena, nikakwambia nimekwenda na kanisamehe. "Alhamdulillahi," ukasema. Siku ile ile ukachoma mkate wa kumimina, ukawagawia majirani kwa furaha. Shangazi alinitumia picha yako na sinia mkononi.

Sikwenda, Bibi. Hata mlangoni kwake sikufika.

Nikasema nitakwambia nikija Idi. Ukatangulia weye.

Pale makaburini, watu walipoombwa kuwa kama kuna uliyemkosea akusamehe, wote waliitikia, hata yule jirani mliyenuniana miaka kwa ajili ya kuku wake. Mie sauti haikutoka. Nilikuwa nikimfikiria yule mwana wa watu kule, ambaye hakuna aliyemwomba chochote.

Wiki iliyopita nikampigia. Najua ulisema uso kwa uso, lakini niliogopa kuchelewa tena. Hakucheza tena tangu siku ile. Sasa anafundisha watoto. Nikamtaka radhi. Akaniambia alikuwa akiniona nikiwanyanyua wenzake wote, na miaka yote hii anajiuliza yeye alinikosea nini. Nililia, Bibi, sikujali. Akanisamehe.

Akauliza nani kanifundisha kuwanyanyua watu. Nikamwambia bibi yangu. Akafurahi, akasema mpe simu, nimshukuru.

Nikamwambia umelala.

Wallahi, ulinitoka tu ulimini. Nimetoka kutubu uongo mmoja, nikaingia mwingine papo hapo. Nisamehe yote mawili.

Shangazi ameniandikia vipimo vya mkate wako wa kumimina. Nitauchoma mwenyewe niwagawie majirani, safari hii kwa haki, na ukiungua watanivumilia. Lakini kabla ya hapo nnakuahidi jambo moja. Kesho nitampigia tena nimwambie kweli, kwamba umekufa. Neno hilo sijapata kulitamka mbele ya mtu yeyote.

Pumzika, Bibi. Nimeshainuka, yule niliyemwangusha ndiye kaninyanyua; naandika nimesimama.

Mjukuu wako