Sauti Yako Ilikuwa Mle Ndani

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila mkono wangu haujui kuanza barua kwako kwa namna nyingine.

Mama ametoka eda juma lililopita. Amekaa barazani kwa mara ya kwanza tangu tulipokuzika, na majirani wa mtaa wetu wa Shika Adabu wakaja mmoja mmoja kumpa mkono. Mimi nilitoka Kisauni kwa mume wangu alfajiri ili niwahi. Nilipoingia sebuleni nikaiona meza ya pembeni iko tupu. Kompyuta yako haipo.

Unaikumbuka siku ulipoileta? Ile ofisi ya Changamwe ulikokuwa tarishi walikuwa wakiondoa za zamani, nawe ukaomba moja. Ulivuka feri umeipakata ile skrini yenye kisogo kikubwa, umeifunika leso ya Mama, watu wakakupisha wakidhani umebeba mtoto mgonjwa. Mama akaifumia kitambaa cha uzi mweupe, kisha akaifukiza udi isije ikapatwa na kijicho. Ukakohoa weee, ukasema, "Mama Zuhura, wataka kuiua kabla haijawaka?"

Ndiyo ilikuwa ya kwanza kuingia nyumbani kwetu. Ulitunawisha mikono kabla ya kutuacha tuiguse, na watoto wa jirani ukawaruhusu watazame kutoka dirishani. Wewe mwenyewe hukujifunza kitu ila kucheza karata. Mama akikuita chakula, unajibu uko kazini.

Kisha ikaja ile Ijumaa ulipopata kipaza sauti. Ulikivuta mpaka mdomoni, kompyuta ikinasa sauti, ukasema: "Halo, halo. Hapa ni Likoni. Ninaye Zuhura, mamangu mie, hataki samaki mpaka atolewe miba." Nyuma yako Mama anacheka, sufuria inaanguka, anacheka zaidi. Ulipojisikiliza ulikunja uso. "Ni nani huyu? Wallahi mimi sina sauti mbaya hivi." Ila hukutaka ifutwe, kwa sababu ya kile kicheko. Hata baada ya kuolewa, kila nikija kuwaamkia nilikuwa naiwasha naisikiliza, nawe unaniambia nikuondolee kelele za huyo mzee. Simu yako ilikuwa ya vibonyezo, ya kupiga na kupokea basi. Sauti yako haikuwekwa pengine popote, Baba. Popote.

Mama ameitoa sadaka.

Sote tulikubaliana kuhusu kanzu zako na baiskeli, vitolewe kama wafanyavyo watu wetu wote, thawabu zikufikie. Kompyuta aliiongeza mwenyewe siku za mwisho za eda, akaagiza ipelekwe madrasa, na sijui nani angeweza kumlaumu. Hakuwaza kwamba sauti hukaa ndani ya chombo. Kwake ilikuwa kama redio, ikishasema imeshasema.

Nilikwenda madrasa siku hiyo hiyo. Ustadh alinipokea kwa heshima mno, akakuombea dua pale pale mlangoni. Fundi wao alikuwa amekwisha kuisafisha yote ili aweke programu za kuwafundishia watoto herufi. Nilipomweleza habari ya sauti yako akaifungua, akashinda nayo mpaka magharibi. "Dada, nisikudanganye," akasema. "Imefutwa, na juu yake pameshaandikwa mengine. Hairudi." Nilikaa kwenye mkeka wa watoto nikalia, wala sikuona haya.

Nikarudi nyumbani nikamkuta Mama bado barazani. Uso wake ulikuwa na nuru, Baba, nuru ambayo sijaiona tangu uanze kuugua. "Umewaona wale watoto?" akaniuliza. "Kila mmoja akibonyeza, babako yuwapata thawabu huko aliko." Nikasema nimewaona. Kisha akaniuliza kama mle ndani mlikuwa na kitu cha maana.

Nikamwambia, "Karata tu, Mama."

Akacheka. Si kama siku ile ya sufuria, lakini alicheka, na mimi ilibidi niingie ndani nijifanye natafuta maji.

Watu wananiambia nitazoea. Sioni nitazoea vipi. Nilikuwa najiambia kuwa umekufa lakini hujaondoka kabisa, bado kuna kipande chako kinachotaniana nami pale mezani, na wanangu watakapokua watakisikia. Sasa nitawasimulia babu asiye na sauti. Usiku silali vizuri, na mchana sina la kufanya kuhusu jambo hili, maana hakuna la kufanya.

Naomba Mola akupanulie kaburi lako, na hizo thawabu zikufikie kweli, kila herufi, maana tumezilipia. Nami nakuahidi jambo moja: Mama hatajua. Ile furaha ndiyo aliyobakiwa nayo, na mimi siwezi kumnyang'anya ili niwe na mtu wa kulia naye.

Kwaheri, Baba. Kila nikijaribu kukusikia ukiniita mamangu mie, maneno yanakuja yote, lakini sauti ni yangu.

Mwanao,
Zuhura