Mahari ya Mashine

Idodi, Iringa
Februari 1956

Kwa mdogo wangu mpendwa Apolonia,

Kamwene. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mbeya, pamoja na watoto unaowafundisha, na kwamba baridi ya huko haijakurudishia kile kifua chako. Sisi hapa hatujambo. Mama anakusalimu sana. Goti linamsumbua mvua zikizidi, lakini ulimi wake mzima kabisa, kama utakavyoona mbele. Mahindi yamependeza na mto Ruaha umejaa. Afya ninayo. Nisichokuwa nacho ni amani, na sababu yake ni mtu unayemjua.

Unaikumbuka mashine ya boti niliyoachiwa na yule mzungu mpima ardhi nilipomaliza kazi yake. Ndiyo iliyofanya kivuko chetu kiitwe kwa Kasian. Mwaka jana, masika ilipokuwa inakwisha, ilianza kuugua. Asubuhi inawaka kwa mvuto mmoja wa kamba, inaimba vizuri, lakini tukifika katikati ya mto inapata moto, inakohoa, inazima. Ikipoa inawaka tena. Na kile kitundu cha nyuma kinachotema maji kilikuwa kikavu. Nilikuandikia habari hiyo, ukanijibu nisihangaike na mafundi wa vichochoroni, nimpelekee Jailos pale Iringa mjini, yule Mngoni mliyefahamiana naye Mbeya, kwa kuwa ni fundi hodari na mtu wa sala. Sikulaumu. Lakini mtu wa sala! Loo!

Niliipakia kwenye lori la mpunga mpaka gereji kwake. Alinipokea kwa kicheko, akaniita shemeji. Mimi nikadhani ni utani tu, si unajua Wahehe na Wangoni. Akafungua plagi, akainusa, akatikisa kichwa kama daktari mbele ya maiti. Akasema silinda imekwisha. Ningeweza kuagiza mpya kutoka Ulaya nikangoja mpaka masika nyingine, au kuipeleka Nairobi ikachongwe bila mtu kuahidi kwamba itapona. Au, kwa sababu ananihurumia, yeye aichukue awe anaitoa vipuri, nami anipe baiskeli yake.

Usidhani nilikubali kama kondoo. Nilimuuliza, kama silinda imekufa, mbona asubuhi inawaka bila matata? Akajibu kwamba hata mzee mahututi huamka asubuhi akasalimia watu. Nikamuuliza habari ya kitundu kisichotema maji. Akasema hicho ni kitundu tu, nisikitie maanani. Nikakaa nje juu ya pipa la dizeli, nikayapima maneno yake. Ulaya ni mbali. Nairobi sina mtu. Na wewe ulikuwa umemsifu. Nikarudi Idodi nikiendesha baiskeli, na kesho yake nikashika kasia. Baiskeli mtoni, Apolonia! Watoto wa hapa walitunga wimbo wa kunicheka, na Mama akaujifunza.

Basi mvua hizi zilipoanza nikasikia mlio toka upande wa juu wa mto. Mama hasahau kilio cha mwanawe, nami sisahau mlio wa mashine yangu. Ikaja boti mpya, rangi ya kijani, na Jailos ameketi nyuma kama bwana shauri, ananipungia mkono. Tangu hapo abiria wangu wote wakahamia kwake, hata Muhidini mwenye duka, ambaye mizigo yake ya chumvi nimeivusha miaka yote.

Muhidini ndiye aliyenieleza, kwa aibu, maana Jailos alijisifu mbele yake wakivuka. Ugonjwa ulikuwa kigurudumu kidogo cha mpira, kile kinachovuta maji ya kuipoza mashine. Mchanga wa Ruaha ulikuwa umekila. Jailos alikibadilisha kabla mimi na baiskeli yangu hatujaacha mji. Tena alikijua kabla hajafungua kitu, maana mtu huyu alilelewa na pampu za migodi ya Chunya! Moyo wangu uliwaka. Niliapa kwamba nitamtia adabu, na kwamba nitakayemtia adabu atakuwa ananiangalia machoni.

Mungu hakunichelewesha. Wiki ya pili akaja mzee Ambosile, mshenga, na jembe jipya begani kama ilivyo desturi. Katumwa na Jailos, anakutaka wewe. Mama hakushangaa hata kidogo. Akasema ulimwandikia kwamba mtu huyo akileta habari, tumsikilize. Mimi hamkuniambia, haya. Kwa kuwa Baba hayupo, nikakaa kwenye kiti chake, na mzee akauliza tunataka ng'ombe wangapi. Nikasema sitaki ng'ombe hata mmoja. Nataka mashine ya boti aliyonayo, hiyo na si nyingine.

Mzee wa watu alikodoa macho. Alikwenda, akarudi, na nyuma yake vijana wameibeba mashine kwenye mti kama nguruwe mwitu. Siku hiyo nilicheka peke yangu mpaka mbavu zikauma. Boti ya kijani imefudikizwa ukingoni, kuku wanalala chini yake. Jailos anapita hapa amenywea. Mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani!

Sasa ngoja nikueleze lililobaki, na usiichane barua. Sikukusudia uolewe naye. Desturi unaijua: binti akikataa, mahari hurudi, lakini mwanamume akivunja uchumba mwenyewe, alichotoa hakirudi. Nilitaka nikuandikie umtese. Akija kukuona umpe kiti kibovu na uji wa chumvi, umsahau jina lake mbele ya watu, mpaka akimbie mwenyewe na kuniachia mashine. Barua hiyo niliiandika. Nikamsomea Mama, nikingoja anisifu.

Mama alicheka mpaka akashika goti. Akasema, Kasian, kijana huyu amekuibia mashine, na sasa anaitumia mashine hiyohiyo kumwoa dada yako, na ng'ombe wake wako zizini wanacheua. Umemwoza Apolonia kwa mali yako mwenyewe, na bado unacheka.

Niliiweka barua chini, mdogo wangu. Nilijiona niko kwenye kiti cha Baba, napatana juu yako bila kukuuliza neno, wala sikukukumbuka wewe. Nilikuwa namwona Jailos tu. Hilo limeniuma kuliko baiskeli.

Kwa hiyo barua ile nimeitia motoni, na hii ndiyo ya kweli. Kama humtaki, sema, mashine itarudi kwake, nami nitapiga kasia na wimbo wao waimbe. Kama unamtaka, itarudi vilevile. Hutaolewa kwa mashine ya wizi. Atatoa ng'ombe, wanono, na nitawachagua mmoja mmoja yeye akiona.

Lakini usidhani nimemsamehe. Ndani ya kifurushi hiki, kwenye kipande cha kanga, kuna kigurudumu cha mpira. Nimekitoa mwenyewe. Bila hicho mashine haifiki katikati ya mto. Nimekupa wewe. Jailos akija, kiweke mezani mbele yake kabla hujamkaribisha chai, kisha umwangalie uso. Wewe ni mwalimu, utajua kama mtu anajuta au anatafuta maneno. Baada ya hapo umrudishie au ukitupe, mimi sitauliza.

Wasalimie walimu wenzako. Mama anasema usiache kuvaa sweta, na kwamba yeye alimpenda Jailos tangu alipolisikia jibu lile la mzee mahututi.

Ndimi kaka yako, mwenye hasira bado,

Kasian