Mahindi ya Matope ya Choo

Mama yangu mupenzi,

Amani ya Bwana ikukute wewe kwanza, ndiyo hii karatasi ifuate. Muguu yako inaendelea namna gani? Bado inavimba wakati wa baridi? Kaka akusomee polepole, asiruke maneno vile amezoea. Sisi huku Lubumbashi tuko bazima, na baba ya batoto anakusalimia sana.

Mama, nina habari ya kukuchekesha. Unakumbuka kanisa ilitupatia sisi bamama shamba, kwenye njia ya kwenda Kasomeno? Udongo ya pale ilikuwa chachu, hata muhogo ilikuwa inakataa. Agronomi moja, mwalimu wa kilimo, akatufundisha: mukamate matope ya vyoo ya muji, ile banaisha kukausha kwa jua miezi na miezi, muchanganye na chokaa. Matope inalisha udongo, chokaa inatoa ule uchachu. Mboga za majani alikataza, mahindi tu.

Mimi nikakubali kujaribu, bamama bengine bakacheka! Mama Ngalula, mukubwa wetu wa bamama, akasimama kanisani: «Bandugu, huyu Kavira wa Butembo anataka tumushukuru Mungu na choo?» Hasira ikanishika. Nikaapa mbele ya bote: siku ya shukrani ya mavuno nitaleta kikapo ya mahindi ya ile matope. Nikishindwa, kipande yangu ya shamba ipewe bengine.

Sasa sikia ujinga ya binti yako. Wewe ulinifundisha kutia majivu mu kila shimo ya mbegu, siyo? Nikafanya vile vile na chokaa! Mbegu yote iliungua. Agronomi alishika kichwa: «Mama, chokaa haiko majivu! Unaimwanga shamba nzima, unalima nayo, unaiacha ilale mbele ya kupanda.» Siku ya shukrani nilienda mikono mitupu. Mama Ngalula aliangalia mikono yangu, akaendelea kuimba. Ile iliniuma kupita matusi. Pasta akanihurumia, akanipa musimu moja ya mvua tena.

Nilirudia yote, na magoti chini kila asubuhi. Na Mungu akajibu, Mama! Mahindi ilinipita kichwa, na siku ya shukrani nikafika na kikapo yangu.

Unajua desturi: ile inatolewa mbele ya altare, bamama banapika, kanisa yote inakula. Nilichoma, nikapanga mu sahani. Hakuna mukono ilinyooshwa. Hata Pasta alikuwa anatafuta miwani. Ndiyo Mama Ngalula akakamata hindi moja, akanusa, akauma. Akatafuna.

«Munangoja nini?» akauliza. «Leteni chumvi!»

Wakati wa kutoka inje, akanivuta mukono pembeni: «Mudogo yangu, ile matope yako, banaweza kunifikishia mpaka nyumbani?»

Unisalimie shangazi, bibi ya kaka, na mama mukubwa na masikio yake yenye kuchoka. Mufanyabiashara wa kwetu amebeba kafuko ka unga yako, ya ile mahindi. Pika bukari, vile huku banaita ugali, uite majirani. Lakini Mama, usibaambie imeota mu nini mpaka bamalize kula.

Ni mimi binti yako, ule aliunguza mbegu,
Kavira