Mdomo wa Mjomba

3 Februari

Mjomba,

Shikamoo. U hali gani? Mimi mzima, ila mikono imechubuka kwa sabuni; sisi madobi tunafua mashuka ya hoteli mbili. Mbona barua yako fupi kama kaptula ya mtoto? Na jirani yako muuza mkaa kaniambia kwenye simu umekonda, tena unazungumza umeziba mdomo kwa kiganja. Kuna nini? Zile dawa za virusi unameza? Usinifiche, wewe ndiye uliyenilea.

Mpwa wako

19 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba, mama. Huyo muuza mkaa ana ulimi mrefu kuliko utepe wangu wa kupimia.

Ni kweli, mdomo unauma. Ulimi umefunikwa na utando mweupe, fizi zina vidonda. Unajua sisi mafundi cherehani pini tunazibana midomoni. Nilipoacha, fundi mwenzangu akaniuliza mbele ya wateja, "Mzee, siku hizi pini huzitaki? Au una jambo?" Nikacheka, nikabana sita palepale. Nikazibana mpaka jioni, huku nameza damu. Wametulia. Wakijua nina virusi, nani atavaa shati nililoshona?

Vidonge naviruka siku koo linapowaka.

Mjomba wako

6 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama, kukaa nimeshindwa. Unajichoma vidonda ili umridhishe mtu ambaye hata tundu la kifungo linamshinda! Umeiba? Umeua? Basi aibu ya nini?

Nimemuuliza mfamasia hapa. Huo utando ni fangasi, dawa yake ipo. Lakini ni dalili kwamba kinga ya mwili imeshuka, na ukiruka vidonge itazidi kushuka. Fangasi wakifika kooni hutameza hata mate. Nenda kliniki kesho, uwaonyeshe.

Mpwa wako

28 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Wewe na mikono yako hamjambo? Nilikwenda. Kliniki ya virusi wakanipima uzito, nikamwambia muuguzi habari ya mdomo. Hakuinua kichwa. "Mambo ya kinywa jengo la pili." Jengo la pili daktari wa meno akaniuliza kama nina maradhi mengine. Nikasema ukweli. Akaniambia nisubiri wagonjwa wote waishe. Walipoisha akasema, "Mzee, rudi kliniki, ndiko kwenu."

Siku tatu nimekuwa mpira. Usiwake, mama. Wana kazi nyingi.

Mjomba wako

2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Kazi nyingi! Kwani vidonge vyao wanadhani vinapitia sikioni? Mtu mmoja wamemgawana kama nyama buchani: damu ya huyu, meno ya yule, na mdomo hauna mwenyewe. Nimemwandikia daktari mkuu wa hospitali, na sikumpamba. Nimeomba ruhusa kazini. Nitafika tarehe ishirini. Jilazimishe kula.

Mpwa wako

14 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Daktari mkuu kaja mwenyewe kibandani kwangu, barua yako mkononi. "Huyu mwandishi ni wakili?" Nikamwambia, "Ni dobi." Akawasha kitochi, akasema nifungue mdomo. Wa kwanza huyo kuutazama, tangu mwaka jana. Kanipa dawa ya fangasi. Leo nimekunywa uji kikombe kizima, nikalia kama mtoto.

Ila nimechoka. Kifua kinabana, mkasi umekuwa mzito. Wahi.

Mjomba wako

23 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nakuamkia kwa mazoea. Nilifika tarehe ishirini, nikakuta wamekuzika tangu kumi na nane. Daktari mkuu anasema mdomo ulikuwa unapona, lakini kinga ilikuwa imekwisha, nimonia ikakuchukua.

Leo nimekwenda kliniki kugombana. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu kwenye basi. Muuguzi akanifungulia faili lako. Kila mwezi kuna mstari wa uzito, mstari wa vidonge, na mstari wa hali ya kinywa. Kote kwenye kinywa kaandika "nzuri". Miezi kumi na minne, nzuri. Hata Machi.

Nikamuuliza, "Ulimtazama lini?"

Akasema, "Dada, mwaka mzima nilikuwa namuuliza. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akijibu nzuri. Machi aliposema vingine, mkono wangu ulishazoea kuandika nzuri."

Nilitoka, nikakaa kwenye benchi la wagonjwa mpaka wakafunga.

Mpwa wako